Nilivyoandikwa Kuwa Niliondoka Mwenyewe

Yule binti alikuja mara ya kwanza wakati wa mahindi mabichi, kwa bodaboda kutoka Mugumu, begi la kompyuta amelikumbatia kifuani. Alikuwa anasoma shahada ya pili. Akanisalimia shikamoo mama, akakaa kwenye kigoda nilichomfuta vumbi, akaniambia anatafiti historia ya mitaala ya vyuo vya ufundi. Nikamuuliza kama mtaala nao una historia. Akasema kila kitu kinachofundishwa kuna siku kiliingizwa na kuna siku kilitolewa, na siku hizo zote kuna mtu alikaa mezani akaamua. Hapo nikamwelewa.

Chuo alichokifuatilia hakipo tena. Kilikuwa njia ya kwenda Nyambureti, majengo manne na karakana, na siku hizi watu wanahifadhi magunia humo. Nilisoma pale mwaka mmoja na nusu baada ya darasa la saba. Elimu yangu yote inaishia hapo, kwa hiyo anayesoma haya asitafute maneno makubwa.

Alinikuta kwa njia ya daftari la usajili. Jina langu lilikuwamo, la baba yangu, na la kijiji. Akauliza Mugumu, akaulizia huku karibu na bwawa la Manchira, watu wakamwelekeza.

Mwaka wa kwanza pale chuoni tulijifunza wote kila kitu, wasichana na wavulana. Kufyatua tofali, kupanga tanuri na kulichoma, useremala, bustani, hesabu za ujenzi. Mwaka wa pili mtu anachagua fani moja. Mimi nilichagua uashi. Tulikuwa wasichana watatu. Nilipenda timazi kuliko kitu chochote, kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi, kwa sababu hakisikilizi mtu. Ukuta umenyooka au haujanyooka, basi. Wavulana walikuwa wanatuambia tofali tunazozipanga sisi zitakuja kuzaa. Tulikuwa tunawajibu kwamba za kwao zimelewa tayari, tazama zinavyoegemeana.

Binti akanisomea mtaala wa wakati ule kwenye karatasi zake. Uliandikwa kwa mashine ya taipu, na ulisema kwamba kila mwanachuo, wa kike na wa kiume, atajifunza kazi zote. Miaka miwili mbele mtaala ulibadilishwa. Wasichana waliwekewa ushonaji, upishi na malezi ya watoto, na uashi na useremala vikabaki vya wavulana. Alitaka kujua kwa nini. Jibu alikuwa amelipata kwenye faili, ukurasa mmoja, akaupiga picha kwa simu. Ilikuwa ripoti ya mwalimu wa uashi kwenda kwa mkuu wa chuo.

Akanisomea. Ilisema wasichana watatu waliochagua uashi hawakuendelea. Mmoja aliugua. Mmoja aliomba kuhamia ushonaji. Wa tatu aliondoka kwa hiari yake, akiongozana na mama yake mzazi. Kwa hiyo inaonekana fani hii haiendani na matakwa ya wasichana wala ya wazazi wao, na inapendekezwa wafundishwe wavulana peke yao. Chini mkuu wa chuo ameandika kwa kalamu: nimekubali.

"Huyo wa tatu ndiye wewe, mama?" akaniuliza.

"Ndiye mimi. Lakini mama yangu mzazi hajawahi kukanyaga chuo kile. Alikufa nikiwa darasa la nne."

Akaiweka simu chini, magotini.

Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa. Kwetu mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili wazaliwe wajukuu wa kurithi boma lake. Wanaiita nyumba ntobhu. Msichana anakuwa mke wa nyumba ile, na mwanamume wa kuzaa naye anatafutwa. Wapo wanaoingia kwa kupenda, wanasema ni afadhali kuishi na bibi kuliko na mume mlevi, na mimi siwasemi. Kila mtu na maisha yake. Mimi sikuulizwa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi. Tulikuwa uwanjani nyuma ya karakana tukijifunza kupanga pembe ya ukuta. Nikaitwa ofisini, nikaenda na mwiko mkononi. Baba yangu alikuwa amesimama nje chini ya mti wa miiba, hakuingia, na hakunitazama. Aliyekuwa ndani ni mwanamke mmoja mzee kiasi, mrefu, ana fimbo. Nilikuwa namfahamu kwa sura tu. Boma lake lilikuwa kubwa na halina kijana.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kusini, mbali huko. Kikurya hakujua hata salamu. Yule mwanamke naye Kiswahili alikuwa hajui. Kwa hiyo aliitwa mwalimu wa uashi atafsiri, maana yeye ni mtu wa kwetu. Na si mtu wa kwetu hivihivi, ni wa ukoo wetu. Alikuwa anakula nyumbani kwetu sikukuu.

Mwanamke akasema kwa Kikurya, wala hakupunguza sauti: nimemfuata mke wangu, ng'ombe wameshafika kwa baba yake.

Mwalimu akamgeukia mkuu wa chuo akasema kwa Kiswahili: "Huyu ni mama yake mzazi. Anaumwa. Anaomba binti arudi amuuguze, na binti mwenyewe amekubali."

Mimi lugha zote mbili nilikuwa nazijua. Nikasema si kweli, mwalimu. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na mwalimu wa ukoo wako akishasema humpingi. Machozi yakanitoka, na yeye akamweleza mkuu wa chuo kwamba nalia kwa uchungu wa mama. Mkuu wa chuo akainuka kabisa kitini. Akanipa pole, akaniambia nafasi yangu itanisubiri. Mtu mwema. Nimemfikiria miaka yote hii na sijaona ubaya wake mwingine zaidi ya kwamba hakuuliza mara ya pili.

Ya baadaye niliyaeleza kwa kifupi, na hapa pia nayaeleza kwa kifupi. Nilikimbia mara mbili. Mara ya kwanza nilifika Ikoma, nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye kambi ya watalii, baba akanifuata akanirudisha. Mara ya pili nilifika Sirari, nilikuwa nasikia wanavyoongea wa upande wa pili wa mpaka, nikarudishwa kutoka pale pale. Mwanamume niliyetafutiwa alikuwa na mkono mwepesi. Alinivunja mkono wa kushoto, ukaunga vibaya, na tangu hapo hata tofali moja siwezi kulinyanyua juu ya bega. Alipokufa sikulia, na walioona walinisema. Nilizaa wanne. Nipo hai.

Binti aliandika yote. Halafu akatoa karatasi ya ridhaa akanisomea. Majina hayatatumika, kila mshiriki ana namba yake, mimi nilikuwa namba saba.

"Na hao walionitoa?" nikamuuliza.

"Nao pia mama. Kila mtu namba."

"Kwa hiyo mwizi na aliyeibiwa wote wanakwenda na namba."

Alitaka kucheka, akaacha. Akasema ndiyo sheria ya utafiti, asipoifuata hawampi shahada. Nikaweka sahihi. Na hapa pia sijaandika majina, si kwa ajili ya sheria yake. Majina hayo wanayo wajukuu wao, na wajukuu hawajanikosea. Lakini kazi zao na undugu wao nitautaja mpaka nife. Walionitoa chuoni ni watatu. Baba yangu. Bibi aliyenioa. Na mwalimu wa uashi, ambaye namuweka wa kwanza, kwa sababu wale wawili walifanya walichofanya bila kusema uongo.

Kisha binti akaniambia jambo ambalo lilinikaa kuliko ripoti yenyewe. Yule mwalimu alikuwa hai. Amestaafu, anaishi upande wa Tarime, mzee wa kanisa. Na alikuwa mshiriki namba mbili. Binti alishamhoji kabla ya kuja kwangu, na yeye akamweleza kwa utaratibu kabisa jinsi wasichana wa zamani walivyokuwa hawapendi vumbi la saruji na mikono kukakamaa. Binti alikuwa ameshaandika sura nzima juu ya hiyo, kwamba mtaala ulifuata matakwa ya wasichana wenyewe.

Yaani mimi, kwa kutolewa kwangu, nilikuwa sababu ya wasichana wote waliokuja nyuma yangu kupewa sindano na uzi. Miaka yote nilijua nilichonyang'anywa mimi. Sikujua kwamba nilitumika kama ushahidi.

Nikamwambia avunje sura hiyo. Akaniambia anataka, ila msimamizi wake kule chuo kikuu hatakubali. Upande mmoja kuna hati yenye sahihi mbili na mwalimu anayeishuhudia. Upande wa pili kuna mimi peke yangu. Anahitaji mtu mwingine aliyekuwa ndani ya ofisi ile siku ile. Mkuu wa chuo alishafariki. Baba naye, na hata hivyo yeye hakuingia.

Alibaki mmoja. Alikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta, anakohoa.

Ndiyo, bado naishi na yule aliyenioa. Watu wa mjini wakisikia hivyo wananishangaa. Ningekwenda wapi? Watoto ni wa boma hili, shamba ni la boma hili. Yeye amezeeka, jicho moja limekufa, miguu haimchukui. Mimi ndiye namwosha na kumkorogea uji. Namwita bibi, kama wanangu wanavyomwita. Kuna siku tunaongea vizuri, na kuna wiki nzima hatuongei. Kumwomba kitu sikuwahi kumwomba tangu siku ile ofisini, na nilikaa siku kadhaa nikiwaza kama nianze leo.

Nilimweleza wakati nampaka mafuta miguuni. Alicheka mpaka akakohoa.

"Umenikimbia mara mbili na uji bado unanikorogea wewe," akasema. "Sasa unataka nini tena kwangu?"

Nikamwambia nataka umwambie huyu binti ulichosema siku ile. Akauliza kwani kuna anayesema vingine. Nikamweleza kilichoandikwa: kwamba alikuja mama yangu mzazi, mgonjwa, kuniomba.

Hapo ndipo alipokasirika, na wala hakukasirika kwa ajili yangu. Alikasirika kwa sababu amefanywa mgonjwa na ombaomba. Akasema yeye aliingia pale kwa mlango wa mbele, ng'ombe wake wameshafika, na alisema jambo lake kwa sauti. Ana sababu gani ya kujificha nyuma ya marehemu mama yangu? Akataka aletwe huyo mwalimu aliyebadilisha maneno yake. Sio apelekewe salamu. Aletwe aje hapa, aseme mbele ya macho yake, au mbele ya jicho lililobaki.

Binti alihangaika na simu wiki mbili. Sikujua kama mwalimu atakuja. Alikuja, na nadhani alikuja kwa sababu aliyemwita ni bibi, si mimi. Kwetu mwanamke aliyeoa ana heshima ya mwenye boma, na mtu mzima wa ukoo akiitwa na mwenye boma haanzi kutuma visingizio.

Alikuja amevaa tai. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Akaitikia marahaba binti yangu, na akaulizia watoto. Mikono yake ilikuwa ile ile, vidole vifupi vya kushikia mwiko.

Tulikaa uani, bibi nimemtoa kwa kiti chake. Binti akaweka simu katikati kwenye ndoo iliyogeuzwa, ikirekodi. Alikuwa ameshaniambia kwamba mimi sitatafsiri neno hata moja. Kikurya chote kitakachosemwa atampa mwanafunzi mwenzake, Mkurya, aliyeko Dar, ambaye hajui habari yetu, atafsiri huko huko. Nilimheshimu kwa hilo. Nilimwambia kama chuo kile kingekuwa na utaratibu huo, mimi ningekuwa fundi.

Bibi hakuanza na salamu ndefu. Alimwita mura, kama anavyoitwa kijana, mzee mzima na tai yake.

"Mura, siku ile nilikwambia nimefuata nini?"

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu ya mwalimu, akawa anawatazama.

"Ulisema umemfuata mke wako."

"Nilisema mimi ni mama yake?"

"Hukusema."

"Nilisema naumwa?"

"Hukusema, bibi."

"Basi umesikia," bibi akamwambia binti, kwa Kikurya, na binti hakuelewa, lakini aliandika saa kwenye daftari lake.

Ndipo mwalimu akageuka upande wa binti, akaanza kusema Kiswahili, haraka haraka, kama mtu aliyeyabeba maneno hayo kwa muda. Akasema yule mkuu wa chuo alikuwa mgeni. Tayari walimu wageni walikuwa wakikaa chumba cha walimu wakituita washenzi, watu wa kukatana mapanga kwa ajili ya ng'ombe. "Nimwambie amekuja mwanamke kuchukua mke wake? Wangetucheka kabila zima mpaka mwisho wa dunia. Nikaona niseme mama. Mama kila mtu anamwelewa."

Binti akamuuliza, na ripoti? Akasema ripoti ilitakiwa, muhula ulikuwa unaisha, wasichana wote watatu hawapo kwenye fani, ilibidi aandike sababu. Akishasema mama ofisini hawezi kuandika kingine kwenye karatasi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Kumbe hakuhongwa, hakutishwa, wala hakunichukia. Aliona haya mbele ya mtu wa kusini, na ile haya ikawa na thamani kuliko mimi. Nikamuuliza swali moja tu, nilipoona anataka kusimama.

"Mwalimu, nilisema si kweli. Ulinisikia?"

"Nilikusikia," akasema.

Hakuomba msamaha, na mimi nilishukuru, kwa sababu mbele ya bibi na mgeni ningelazimika kuutoa. Nilimsindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote. Bodaboda ilipokuja akapanda, akashika tai isipeperuke, akaenda.

Nilidhani yameisha. Baada ya siku chache binti alipiga simu kutoka Dar, sauti imeshuka. Mwalimu alikuwa amejitoa. Ile karatasi ya ridhaa inasema mshiriki yeyote anaweza kujitoa bila kutoa sababu, na maneno yake yote yanafutwa. Wanawe walimwambia anajichafua uzeeni. Kwa hiyo kila alichosema uani kwangu kilikuwa hakipo tena, na mahojiano yake ya mwanzo nayo hayapo. Kilichobaki cha kwake ni ripoti, maana ripoti ni mali ya chuo, haijitoi.

Nilikaa chini. Nilimwambia binti, unaona sasa, hata namba yake ameitoa. Akasema subiri mama, bado msimamizi hajasema. Nikasubiri. Nilipalilia, nikavuna maharage, nikamwosha bibi. Sikumwambia kitu.

Msimamizi alisema hivi, kama alivyonieleza binti alipokuja mwenyewe na nakala iliyofungwa kwa jalada jeusi. Mwanamke aliyetajwa kwenye ripoti kuwa ni mama mzazi, mwenyewe yupo hai, na anasema si mama. Anasema alichofuata na jinsi alivyokipata. Tafsiri imefanywa na mtu asiyehusika. Anayejisema mwenyewe kwamba alitoa ng'ombe akamtoa msichana chuoni hana anachojipatia kwa kusema hivyo. Ushahidi huo unatosha.

Alinifungulia ukurasa. Ile sura ya matakwa ya wasichana alikuwa ameifumua yote. Pameandikwa kwamba sababu iliyotolewa kwenye ripoti ya kuwaondoa wasichana katika uashi haikuwa ya kweli. Kwamba mshiriki wa saba hakuondoka kwa hiari, aliolewa bila kuulizwa, na alipinga mbele ya viongozi wa chuo. Kwamba anayelithibitisha hilo ni mshiriki wa kumi na moja, ndiye bibi. Nilisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole. Mwalimu hayumo. Pameandikwa tu kwamba maelezo yalibadilika wakati wa kutafsiriwa, kana kwamba yalibadilika yenyewe, kama maziwa.

Nikamuuliza wasichana waliokuja baada yetu wakanyimwa uashi, walikuwa wangapi. Alisema hajui. Aliyekubaliwa ana jina kwenye daftari la usajili, aliyeambiwa hapana mlangoni hana. Nikamuuliza na ripoti kwenye faili, itarekebishwa? Akasema faili halibadilishwi, linabaki kama lilivyo. Atakayelifungua ataisoma ile, na atakayetafuta kitabu chake atasoma hiki.

Aliondoka kabla ya mvua. Nikaingia kwa bibi na kile kitabu, nikamwambia umeandikwa humu. Akakishika, akakipapasa jalada, akakigeuza. Nikamweleza kwamba ni maneno yake ndiyo yaliyosimama, kwamba bila yeye ningebaki mtu aliyeondoka mwenyewe.

Hakuelewa ninachosema. Alifikiri kidogo, jicho zima likinitazama.

"Nilisema nini cha ajabu?" akauliza. "Nilisema nilimfuata mke wangu."

Nikamwambia ndiyo, ndicho walichokuwa wanakitaka. Nikampokea kitabu, nikakiweka juu ya kabati ambako panya hawafiki, nikaenda kuinjika uji.